Vile vichupa vya kurefusha watoto vimetoka wapi?

 Huku Sterling sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Baridi imeanza kutushika na zamu za usiku ni zile zile. Leo sina picha za theluji. Nataka kujibu swali nililoulizwa kwa simu na watu watatu, mmoja wao mama mwenye mtoto mfupi, mwingine binamu yangu wa kunyanyua vyuma: eti huku Marekani kuna vichupa vya peptidi vinavyoamsha homoni ya ukuaji, niwatumie? Jibu ni hapana. Lakini hapana kavu haimsaidii mtu, kwa hiyo ngoja niwape historia yake, maana sehemu yake imepitia hapa jirani.

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, inaitwa pituitari. Hiyo ndiyo inayotoa homoni ya ukuaji. Mwaka 1958 daktari Maurice Raben wa Boston alitangaza kwamba kijana wa miaka 17 aliyedumaa kwa kukosa homoni hiyo alianza kurefuka baada ya kuchomwa sindano zake. Sasa homoni yenyewe ilitoka wapi? Kwenye maiti, jamani! Ya ng'ombe haifanyi kazi kwa binadamu, hivyo tezi zilikusanywa kutoka kwa marehemu. Kuanzia 1963 mpango mzima uligharimiwa na Taasisi za Taifa za Afya, NIH, zilizopo Bethesda, ng'ambo ya mto Potomac, chini ya saa moja kwa gari kutoka kwangu kama hakuna foleni. Watu kama 7,700 walitibiwa. Watoto walirefuka kweli, na wazazi walifurahi.

Halafu vijana waliotibiwa utotoni wakaanza kufa kwa Creutzfeldt-Jakob, ugonjwa unaokula ubongo ambao kwa kawaida huwapata wazee. Aprili 1985 ugawaji ukasimamishwa. Kilichokuwemo katika baadhi ya vichupa ni prioni, protini iliyoharibika, ambayo haionekani kwa macho na hukaa kimya mwilini miaka mingi. Baadaye zaidi ya 30 kati ya wale waliotibiwa walikufa. Oktoba mwaka huo huo FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikaruhusu homoni iliyotengenezwa na kampuni ya Genentech kwa kutumia bakteria. Tezi za maiti zikaachwa.

Peptidi zinaingilia wapi hapo? Peptidi ni kipande kifupi cha mnyororo wa asidi amino. Fikirieni shanga. Homoni ya ukuaji ina shanga 191. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Cyril Bowers wa Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, alikuwa anachezea enkefalini, kitu ambacho mwili hujitengenezea kupunguza maumivu. Alipobadilisha shanga zake, nguvu ya kutuliza maumivu ikapotea, lakini tezi za panya maabara zikaanza kumwaga homoni ya ukuaji! Mwaka 1984 ikatangazwa GHRP-6, yenye shanga 6 tu.

Katikati ya hapo, mwaka 1982, wanasayansi wa Taasisi ya Salk, California, walipata amri ya asili ambayo ubongo huipelekea pituitari, GHRH. Waliipata kwenye uvimbe wa kongosho wa wagonjwa waliokuwa wamekua kupita kiasi. Mtu angedhani hadithi imeisha, lakini ufunguo wa Bowers haukuingia kwenye kitasa hicho. Ulifungua mlango mwingine ambao mwenyewe hakujulikana. Kitasa chake kilitambuliwa mwaka 1996 na wanasayansi wa Merck. Ufunguo wa asili ulipatikana mwaka 1999 na Wajapani Kojima na Kangawa, na mahali penyewe ni tumboni. Ni grelini, homoni ambayo pia huleta njaa. Yaani kwa miaka karibu 20 watu walikuwa na ufunguo mkononi bila kujua nyumba ni ya nani.

Utafiti huo umezaa matunda, siukatai. Tesamorelini, ya ukoo wa GHRH, iliruhusiwa mwaka 2010 kupunguza mafuta ya tumboni kwa watu wenye virusi vya UKIMWI. Macimorelini iliruhusiwa mwaka 2017, tena kwa kupimia tu. Lakini ipamorelini, ambayo vijana wa vyuma wanaisifia, ilijaribiwa kwa wagonjwa ambao matumbo yao yaligoma baada ya upasuaji, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha haikuwasaidia. Septemba 2023 FDA iliiweka ipamorelini pamoja na CJC-1295 kwenye orodha ya vitu vyenye hatari kiusalama vikichanganywa na maduka ya dawa. Binamu, na michezoni zimepigwa marufuku.

Sasa nisikilizeni kama muuguzi. Wale watu 7,700 walikuwa na bahati moja katika msiba ule: majina yao yalikuwa kwenye mafaili ya hospitali. Mambo yalipoharibika, serikali iliweza kuwatafuta, kuwaeleza na kuwafuatilia. Wodini kila dawa ninayotoa ina namba ya toleo, tarehe ya kuisha na sahihi yangu. Kichupa cha mtandaoni kilichoandikwa "kwa utafiti tu" hakina faili. Mtoto akidhurika miaka kumi baadaye, nani atamtafuta?

Mama mwenye mtoto, mpime urefu kila baada ya miezi sita na uandike. Ukiona haongezeki, mpeleke kwa daktari wa watoto na karatasi yako mkononi. Huenda ni lishe, huenda ni maradhi mengine, huenda amewafuata tu wajomba zake. Kama kweli ni homoni, kuna vipimo na kuna tiba yake, na ni vizuri kuwahi, kwa sababu mifupa ikishafunga hakuna sindano itakayomrefusha.

Haya, zamu inaniita. Mwenye swali aulize, kuuliza si ujinga. Wasalimieni wote, tukijaliwa tutaonana.