Mzururaji Huzaliwa au Hutungwa? Funzo la Sheria Moja ya Kale

Mtu aliyesimama pembeni mwa barabara, hana ajira, hajaiba wala hajampiga mtu, amemkosea nani? Swali laonekana jepesi, lakini kwa karne nyingi dola mbalimbali zimelijibu kwa pingu. Ninapenda kulijadili na wanafunzi wangu kwa sababu hutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya: uovu na jinai.

Émile Durkheim, katika kitabu chake cha mwaka 1895 kuhusu kanuni za mbinu ya sosholojia, alidai kwamba hakuna jamii isiyo na jinai, na kwamba adhabu huwakumbusha watu maadili wanayoshirikiana. Hoja hiyo ina uzito, ila haijibu nani huchora mipaka ya maadili hayo.

Mwaka 1964 Mmarekani William Chambliss alilikabili swali hilo kwa kuchunguza sheria za uzururaji za Uingereza. Tauni iliyoingia nchini humo mwaka 1348 iliua sehemu kubwa ya watu. Vibarua wakawa adimu, ujira ukapanda, na wengi wakaanza kuwahama mabwana wao ili kutafuta malipo bora. Mwaka 1349 ikatolewa amri ya kuwalazimisha wenye nguvu kufanya kazi kwa ujira wa zamani, na kukataza kumpa sadaka ombaomba awezaye kufanya kazi. Kwa maoni ya Chambliss, kilichoadhibiwa ni kuwanyima wenye ardhi vibarua wa bei nafuu. Karne ya 16, biashara ilipokua, sheria hizo zikageuzwa kuwa ngao ya wafanyabiashara dhidi ya wanyang'anyi. Sheria ilibaki, maslahi yaliyolindwa ndiyo yaliyobadilika. Huu ndio msingi wa nadharia ya mgongano.

Sheria hizo hazikuishia Ulaya. Sheria ya Uzururaji ya Uingereza ya mwaka 1824 ilikuwa kiolezo kwa makoloni mengi, na Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya mwaka 1930 iliyabeba makosa ya aina hiyo. Mwanahistoria Andrew Burton ameeleza jinsi watawala wa Dar es Salaam walivyowakamata Waafrika wasio na ajira rasmi na kuwarudisha vijijini. Mkoloni aliutaka mkono wa Mwafrika bandarini na nyumbani kwake, lakini hakumtaka mwenye mkono huo awe mkazi kamili wa mji. Neno “mhuni”, ambalo katika matumizi ya zamani liliweza kumaanisha tu mtu asiyeoa, likawa jina la kumtilia shaka kijana yeyote wa mjini. Howard Becker aliandika mwaka 1963 kwamba ukiukaji si sifa iliyomo ndani ya kitendo, bali ni matokeo ya wenye uwezo kubandika jina, na jina likashika.

Uhuru haukulibandua jina hilo. Mwaka 1983 Tanzania ilipitisha sheria ya kugawa nguvu kazi, na misako ya “Nguvu Kazi” ikafuata mijini. Tuwe waadilifu: nia haikuwa ileile ya mkoloni. Taifa lilikuwa limetoka vitani na Uganda, uchumi ulikuwa taabani, na itikadi ilimtaka kila mtu ale jasho lake. Hata hivyo, walionaswa ni pamoja na wachuuzi wadogo, watu walioamka alfajiri kufanya kazi ambayo haikuwamo katika daftari la serikali. Robert Merton alikwisha kueleza mwaka 1938 kwamba jamii inapowahimiza watu wote kufikia lengo moja huku ikiwanyima wengi njia halali, itazaa ukiukaji. Kumkamata aliyejitafutia njia hakuongezi njia.

Wapo wasemao polisi wanahitaji sheria hizi ili kuzuia wizi kabla haujatokea, na kwamba maskini nao huibiwa. Ni kweli huibiwa. Lakini wizi, jaribio la wizi na kula njama tayari ni makosa. Yanahitaji ushahidi wa tendo. Uzururaji unahitaji tu sura ya ufukara, na afisa mwenye mamlaka ya kukamata sura ana mlango mpana wa kudai rushwa.

Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ilibatilisha kosa la namna hiyo katika shauri la mchuuzi. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapa Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi wanachama zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta.

Kwa hiyo, ndugu yangu mtumishi wa umma, unapoandaa sheria ndogo ya usafi au ya mpangilio wa mji, jiulize kwanza: inaadhibu tendo gani? Ukikosa kulitaja tendo, utakuwa unaiadhibu hali ya mtu, na hali ya umaskini haijawahi kukoma kwa kufungwa jela.