Kingamwili dhidi ya mzio: Jinsi usalama wake unavyopimwa kwa watu wa kwanza

DAWA mpya ya mzio inapotiwa kwa mara ya kwanza katika mshipa wa binadamu, swali linaloulizwa si iwapo itamponya. Swali ni iwapo itamdhuru. Hiyo ndiyo kazi ya awamu ya kwanza ya majaribio ya tiba, nayo huwa na uzito wa pekee pale dawa yenyewe inapokuwa kingamwili. Kidonge cha kawaida cha kutuliza chafya na mwasho huisha nguvu baada ya saa kadhaa. Kingamwili iliyodungwa leo huweza kukaa mwilini kwa wiki nyingi, na likizuka la kuzuka hakuna njia rahisi ya kuitoa.

Kisa kinachoeleza jambo hili vyema zaidi ni cha omalizumab, kingamwili ya kwanza kuidhinishwa kutibu ugonjwa wa mzio. Safari yake ilianza na hofu moja: kwamba dawa hiyo ingeweza kuzusha maafa yale yale iliyokusudiwa kuyazuia.

Ili kuielewa hofu hiyo, hapana budi kwanza kujua mzio unavyotokea. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na maradhi, hukosea na kukichukulia kitu kisicho na madhara, kama vile chavua ya maua, vumbi la nyumbani au punje ya njugu, kuwa ni adui. Hapo hutengeneza kingamwili ya aina inayoitwa IgE. Aina hii ilitambuliwa na makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali: Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke waliokuwa Denver, Marekani, walioeleza matokeo yao mwaka wa 1966, na Gunnar Johansson na Hans Bennich wa Uppsala, Uswidi, mwaka wa 1967. Shirika la Afya Duniani liliipa jina lake rasmi mwaka wa 1968.

IgE hujishikiza juu ya seli fulani zilizo kwenye ngozi, mapafu na matumbo, zikakaa kama mitego iliyotegwa. Chavua au njugu inapoingia na kuziunganisha IgE mbili zilizo jirani juu ya seli moja, mtego hufyatuka. Seli humwaga histamini na kemikali nyingine, na mtu akaanza kupiga chafya, kuvimba au kubanwa na pumu. Kwa wachache, mwili mzima hupatwa na mshtuko ambao madaktari huuita anafilaksia, unaoweza kuua katika muda wa dakika chache.

Basi fikiria mtu anayetaka kutengeneza kingamwili ya kuikamata IgE. Kingamwili ina umbo la panda, yaani mikono miwili. Ikizishika IgE mbili zilizokwisha kukaa juu ya seli, itakuwa imeziunganisha kama vile njugu inavyofanya, na mgonjwa aliyekuja kutibiwa ataanguka kitandani mwa daktari kwa mshtuko. Kwa sababu hiyo wanasayansi wengi waliliona wazo hilo kuwa la hatari.

Mtaalamu Tse Wen Chang, ambaye pamoja na Nancy Chang walianzisha kampuni ya Tanox mjini Houston mwaka wa 1986, alikuja na jawabu. Alisema itafutwe kingamwili itakayoishika IgE mahali pale pale inapojishikiza kwenye seli. IgE ikishakaa juu ya seli, mahali hapo huwa pamefunikwa, na dawa haitapata pa kushika. Itazikamata tu zile zinazoelea katika damu kabla hazijafika kwenye seli. Kwa maneno mengine, usalama wa dawa ulijengwa ndani ya umbo lake tangu siku ya kwanza. Lakini hiyo ilikuwa nadharia ya maabara, na nadharia haitoshi kumdunga mtu sindano.

Palikuwa na tatizo la pili. Kingamwili hizo zilitengenezwa kwanza kwa kutumia panya, na mwili wa binadamu huzitambua protini za panya kuwa ngeni na kuzishambulia. Ilibidi sehemu kubwa ya molekuli hiyo ibadilishwe iwe ya kibinadamu. Katika omalizumab, iliyotayarishwa na wanasayansi wa kampuni ya Genentech, sehemu iliyobaki ya panya ni takriban asilimia 5 pekee.

Kisha zikaja hatua za wanyama. Hapa wengi hudhani kwamba mnyama akipona basi binadamu naye yu salama. Mambo si mepesi hivyo. Kingamwili iliyoundwa kuishika IgE ya binadamu haiitambui ya panya, kwa hivyo kumdunga panya hakuonyeshi mengi. Ilibidi kutumia kima, ambao IgE yao inakaribiana na yetu. Kima waliopewa viwango vikubwa mno walipungukiwa na chembe za damu zinazogandisha jeraha, hasa wale wachanga. Lilikuwa onyo la kuangaliwa, na damu za watu waliojaribiwa baadaye zikachunguzwa kwa makini. Tatizo hilo halikujitokeza kwa binadamu kwa namna iliyohofiwa.

Miongoni mwa majaribio ya mwanzo yaliyochapishwa ni lile la mjini Southampton, Uingereza, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka wa 1997. Dawa iliyotumika ilikuwa CGP 51901, ndugu wa omalizumab, iliyotokana na ushirikiano wa Tanox na kampuni ya Ciba-Geigy ya Uswisi. Walioalikwa hawakuwa wazima kabisa wala wagonjwa mahututi; walikuwa watu wenye mzio wa chavua. Uamuzi huo una mantiki. Mtu asiye na mzio ana IgE kidogo sana, hivyo dawa isingekuwa na cha kukamata na usalama wake usingekuwa umejaribiwa kwa kweli.

Kila mmoja alipewa dozi moja tu: miligramu 3, 10, 30 au 100, na wengine wakapewa kioevu kisicho na dawa, pasi na wao wala madaktari kujua nani kapata nini. Dawa ilivumiliwa vyema. Mshtuko uliohofiwa haukutokea. Kwa waliopata miligramu 100, IgE inayoelea huru katika damu ilipungua kwa zaidi ya asilimia 96. Tena ilionekana jinsi dawa inavyodumu: waliopata miligramu 3 walirejeza nusu ya IgE yao kwa wastani wa siku 1.3, ilhali waliopata miligramu 100 walichukua siku 39. Hesabu kama hizi ndizo matunda halisi ya awamu ya kwanza, hata kama hazisisimui. Bila hizo, hakuna ajuaye sindano ya pili idungwe lini.

Omalizumab yenyewe iliidhinishwa Australia mwaka wa 2002, na Marekani mwezi Juni mwaka wa 2003, kwa watu wenye pumu ya mzio.

Siku ya Northwick Park

Ingawa haikuhusu mzio, hakuna anayeweza kueleza upimaji wa kingamwili bila kutaja tarehe 13 Machi, 2006. Siku hiyo, katika kituo cha majaribio kilichokuwa ndani ya hospitali ya Northwick Park, London, wanaume wanane wazima wa afya walijitolea kujaribiwa dawa iliyoitwa TGN1412, kingamwili ya kampuni ya TeGenero ya Ujerumani iliyonuiwa kutibu saratani ya damu na baridi yabisi. Sita walipewa dawa na wawili kioevu kitupu. Malipo yao yalikuwa pauni 2,000.

Dozi waliyopewa ilikuwa moja kwa 500 ya ile ambayo kima walikuwa wameivumilia bila shida. Hata hivyo, katika muda wa saa mbili hivi wote sita walishikwa na maumivu ya kichwa na mgongo, homa na kichefuchefu, na baadaye viungo vyao vya ndani vikaanza kushindwa kufanya kazi. Kinga zao zilikuwa zimelipuka. Walilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, wote wakanusurika, lakini mmoja alipoteza vidole vya miguu na sehemu za vidole vya mikono. TeGenero ilifilisika mwaka huo huo.

Kosa moja lilishangaza hata wasio wataalamu. Watu hao sita walidungwa mmoja baada ya mwingine kwa kupishana dakika 10 hivi. Wa kwanza alipoanza kulalamika, wa mwisho alikuwa amekwisha kupewa dawa au alikuwa karibu kupewa. Iwapo angedungwa mmoja na kuangaliwa hadi kesho yake, watano wangeepuka. Baadaye, mwaka wa 2010, watafiti walieleza kwa nini kima hawakutoa onyo: seli fulani za kinga ambazo kwa binadamu zina kipokezi kilicholengwa na TGN1412, kwa kima hazina.

Yapo mafunzo mawili yanayokinzana hapa, nayo yafaa kuwekwa bega kwa bega. Kwa omalizumab, kima walidhurika kwa namna ambayo watu hawakudhurika. Kwa TGN1412, kima walibaki wazima na watu wakaumia. Mnyama huweza kukosea kwa njia zote mbili.

Serikali ya Uingereza iliunda jopo chini ya Profesa Gordon Duff, na ripoti yake ya mwisho ikatoka Desemba 2006. Mwaka uliofuata wasimamizi wa dawa wa Ulaya walitoa mwongozo mpya. Tangu hapo, dozi ya kwanza ya kingamwili yenye hatari haikadiriwi tu kwa kuangalia kiwango ambacho mnyama alikivumilia, bali pia kwa kukokotoa kiwango kidogo kabisa kinachoweza kuleta mabadiliko yoyote katika seli za binadamu. Mtu mmoja hutangulia, akaangaliwa, ndipo wengine wafuate. Dozi haipandishwi mpaka matokeo ya iliyotangulia yasomwe, na masharti ya kusimamisha kazi huandikwa kabla ya sindano ya kwanza.

Yale ambayo awamu ya kwanza haiwezi kuyaona

Watu wachache hawawezi kufichua madhara ya nadra. Hesabu yake ni rahisi: watu 30 wakipewa dawa bila hata mmoja kudhurika, bado yawezekana kwamba mtu mmoja kati ya 10 atadhurika. Wakiwa 300, shaka hupungua hadi mmoja kati ya 100. Ndiyo maana neno "salama" katika taarifa za awamu ya kwanza lisomwe kwa tahadhari.

Omalizumab ni shahidi. Katika majaribio ya pumu kabla ya kuuzwa, anafilaksia iliwapata watu 3 kati ya 3,507. Dawa ilipoenea, taarifa zilianza kuingia, na kati ya Juni 2003 na Desemba 2006 ilikadiriwa kuwa kiwango hicho kilifika angalau asilimia 0.2 ya wagonjwa takriban 57,300. Wengine walipatwa baada ya dozi ya kwanza, wengine baada ya kuitumia zaidi ya mwaka mzima bila tatizo. Mwaka wa 2007 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza onyo kali kabisa liwekwe kwenye maelezo ya dawa hiyo, na mgonjwa akae mbele ya wahudumu kwa muda baada ya sindano. Dawa haikuondolewa. Mwezi Februari 2024 iliidhinishwa pia kupunguza madhara ya mzio wa vyakula kwa watoto wa kuanzia mwaka mmoja na kwa watu wazima, baada ya jaribio ambapo asilimia 67 ya waliodungwa waliweza kula miligramu 600 au zaidi za protini ya njugu bila dalili kubwa, ikilinganishwa na asilimia 7 ya wasiopewa dawa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki lipo swali jingine, ambalo halikuweza kujibiwa Southampton. IgE haikuumbwa ili kutusumbua kwa chafya. Inaaminika kuwa kazi yake ya asili ni kupambana na minyoo. Ushahidi mmojawapo ulitoka hapa nchini, katika Machakos, ambako watafiti walieleza mwaka wa 1992 kwamba watu waliokuwa na IgE nyingi dhidi ya minyoo ya kichocho waliambukizwa tena kwa nadra zaidi baada ya kutibiwa. Je, ukiiondoa IgE kwa mtu aishiye mahali penye minyoo, si utakuwa umemfungulia mlango adui mwingine?

Watafiti wa Salvador, katika jimbo la Bahia nchini Brazil, walilijaribu swali hilo kwa watu 137 wenye pumu au mafua ya mzio waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata minyoo ya tumbo. Kwanza walitibiwa minyoo, kisha wakafuatiliwa kwa mwaka mmoja. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2007. Kati ya waliopewa omalizumab, nusu waliambukizwa tena angalau mara moja. Kati ya wasiopewa, asilimia 41. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo kiasi cha kuweza kuwa sadfa, na dawa za minyoo ziliendelea kufanya kazi kama kawaida. Hata hivyo mwelekeo wake haukuweza kupuuzwa, na maelezo rasmi ya omalizumab yanamtaka daktari amchunguze minyoo mgonjwa aliye katika hatari kubwa ya kuambukizwa wakati wote anapotumia dawa hiyo.