Kambi, Makazi na Kijiji: Wakimbizi wa 1972 katika Njia ya Msafara

Njia ya msafara iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Tabora na kukomea Ujiji, ilikuwa na msamiati wake. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walilala katika kambi, na kambi ilikuwa mahali pa kuondoka alfajiri. Richard Burton, aliyefika Kazeh mwaka 1857, aliliandika neno hilo kwa tahajia ya "khambi". Msafara uliokaa kambini siku nyingi ulikuwa na sababu: maradhi, njaa, au njia kufungwa kwa vita, kama ilivyofungwa na Mirambo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe kati ya 1871 na 1875.

Karne moja baadaye, katika nchi hiyohiyo iliyokuwa chini ya Mirambo, waliingia watu ambao hawakuondoka alfajiri. Mwaka 1972 jeshi la Burundi, chini ya utawala wa Micombero, lilijibu uasi wa Wahutu kwa mauaji ambayo kwa makadirio mengi yaliangamiza watu wasiopungua laki moja. Walionusurika walivuka mpaka kwa maelfu, na wengi wao wakapelekwa katika msitu wa Ulyankulu, kaskazini-magharibi mwa mji wa Tabora. Katumba ilifuata mwaka 1973. Ulyankulu ilipojaa kupita kiasi cha maji na ardhi yake, Mishamo ilifunguliwa mwaka 1978, na sehemu kubwa ya wakazi ikahamishiwa huko.

Kazi iligawanywa pande tatu. Serikali ya Tanzania ilitoa ardhi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilitafuta fedha. TCRS, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Walutheri, lilisimamia barabara, visima, shule na zahanati. Mahali hapo hapakuitwa kambi. Paliitwa makazi, nomino itokanayo na kitenzi kaa, na uteuzi huo ulikuwa wa heshima: mgeni alipewa shamba badala ya mgawo wa chakula wa kudumu. Wakazi walilima mahindi na tumbaku, wakajilisha, wakauza ziada. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen, na kufikia 1985 wafadhili walikuwa wameyakabidhi makazi yote matatu kwa serikali. Katika taarifa za misaada, hesabu ilifungwa hapo.

Haikuwa imefungwa. Wakati Watanzania jirani walikuwa wakikusanywa katika vijiji vyenye serikali zao, makazi yalitawaliwa na mkuu aliyeteuliwa na Wizara ya Mambo ya Ndani, na Sheria ya Udhibiti wa Wakimbizi ya 1965 ilimtaka mkazi awe na kibali kila alipotoka. Kwa macho, Ulyankulu ilikuwa kundi la vijiji. Kwa sheria, haikuwa na kijiji hata kimoja.

Neno mkimbizi nalo lastahili kutazamwa. Ni nomino ya mtenda, sawa na mlinzi au mjenzi: humtaja mtu kwa tendo lake. Mtoto aliyezaliwa Ulyankulu mwaka 1980 hakukimbia popote, lakini alirithi nomino ya kitenzi ambacho hakukitenda. Alisoma kwa Kiswahili shuleni, akasikia Kirundi nyumbani, na Burundi akaijua kwa masimulizi ya wazee. Msaada wa kigeni ulimjengea darasa. Swali la yeye ni nani halikuwamo katika bajeti ya mtu yeyote.

Swali hilo lilirudi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza Burundi mwaka 1993. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, ulioanzishwa na usuluhishi wa Nyerere na kukamilishwa na Mandela, uliahidi kurejea kwa wakimbizi na haki ya ardhi yao. Mwaka 2007 wakazi wa makazi ya zamani, wapatao 218,000, waliulizwa wachague. Takriban mmoja kati ya watano alichagua kurudi. Waliorudi, hasa Rumonge na Makamba, walikuta mashamba yana wenyewe wapya, na watoto waliosoma kwa Kiswahili walikalishwa mbele ya ubao wa Kifaransa na Kirundi. Walioitwa Warundi Tabora kwa miaka 35 sasa waliitwa Watanzania Burundi.

Waliobaki, zaidi ya 162,000, walikubaliwa uraia mwaka 2010, kwa sharti la kutawanywa mikoa mingine. Huenda nia ilikuwa umoja wa kitaifa. Matokeo yake yangekuwa kumkimbiza mtu mara ya pili, safari hii akiwa raia. Mpango ulikwama, na vyeti vikakaa makabatini. Vilipoanza kutolewa Oktoba 2014, sharti la kuhama lilikuwa limeachwa. Mwaka uliofuata, katika uchaguzi mkuu, Ulyankulu ilipiga kura ikiwa jimbo lenye jina lake.