Msalaba wa shaba: umbo lililokubali kumiminwa



Vijana wengi wameona katika simu zao mashine inayochapisha vyuma. Inatandaza unga wa chuma, tabaka jembamba kuliko unywele, kisha mwanga wa leza unayeyusha pale tu panapotakiwa. Tabaka juu ya tabaka, kitu kinasimama. Fundi anaiambia kompyuta mzigo utakaobebwa, nayo inaondoa chuma mahali pasipofanya kazi. Umbo linalobaki linafanana na mfupa au mizizi ya mti: jepesi, lakini lina nguvu.

Lakini mchoro mzuri hautoshi. Sehemu inayoinama sana, kupita nyuzi 45 hivi kutoka wima, inaharibika isipowekewa nguzo. Unga uliofungiwa ndani ya tundu lisilo na mlango hautoki. Joto nalo linapinda kitu. Kwa hiyo fundi anarudi kwenye mchoro, anachagua umbo ambalo mashine inaweza kulitengeneza kweli.

Sheria hiyo wazee wa Katanga waliijua zamani, bila kompyuta.

Angalieni msalaba wa shaba, ule unaowekwa katika museumu ya mji wetu. Katika makaburi ya kale ya Sanga, karibu na Ziwa Kisale, wachimbuzi walioanza kazi mwaka 1957 walikuta misalaba hiyo pamoja na wafu. Kadiri karne zilivyopita, misalaba ya makaburini ilizidi kuwa midogo na kulingana kwa ukubwa. Hiyo ni dalili kwamba ilikuwa imekuwa pesa, na pesa inataka kufanana.

Kazi ilifanyika wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha. Watu walichimba malakiti, yale mawe ya kijani, wakayaosha. Tanuru ilijengwa kwa udongo wa kichuguu, ikajazwa makala ya miti, na mivukuto ya ngozi ikapuliza. Shaba haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 1,085, kwa hiyo kupuliza hakukuwa mchezo wa watoto. Baadaye shaba ilisafishwa na kumiminwa katika kalibu iliyochorwa ardhini.

Hapo ndipo akili inaonekana. Kalibu ya wazi haikubali umbo lenye matundu na kona zilizojificha. Msalaba unakubali: shaba inaingia katikati na kukimbilia mikono minne. Ukipoa, unatoka bila kuvunja kitu. Kamba inaushika vizuri, na mpagazi anaweza kufunga mingi pamoja. Umbo moja lilitosha kwa mmiminaji, mbebaji na mnunuzi.

Karne ya 19 Bayeke walikuja kutoka Unyamwezi, na Msiri akatawala kwa nguvu akiwa Bunkeya. Waliwakuta Basanga wakiijua shaba. Wao wenyewe walijulikana kwa kuvuta waya mwembamba wa shaba. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs. Union Minière ikaundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 kiwanda cha Lubumbashi kikamimina shaba yake ya kwanza. Tanuru za vichuguu zikanyamaza. Mkatanga akabaki mfanyakazi wa tanuru ambayo hakuichora yeye.

Msalaba ulirudi mwaka 1960, mitatu katika bendera ya Katanga iliyojitenga, kisha katika sarafu za 1961. Umbo lililokuwa likitembea soko hadi soko likawa alama ya mpaka. Mwaka huo wa 1961, familia za Baluba wa Kasai zilitafuta usalama katika kambi ya Umoja wa Mataifa, hapa hapa mjini. Wahami si habari mpya Lubumbashi.

Leo kobalti ya udongo wetu, ikichanganywa na kromu, inafanywa kuwa unga wa mashine zile zile. Nchi za nje wanachapisha vyuma vya meno na vya magoti. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani, lakini sehemu kubwa inaondoka ikiwa bado haijawa kitu. Malori yanapita, kuchora umbo kunafanyika kwingine.

Ndiyo maana tunaikumbuka historia hii. Shaba haikuwahi kukosa Katanga. Kilichonyamazishwa ni ujuzi wa kuipa umbo. Basi wazazi, wa hapa na mliohamia, mtoto akipenda kuchora na kupima, msimwambie hiyo ni kazi ya Wazungu. Nyumba inaweza kuachwa, ng'ombe wanaweza kuporwa. Ujuzi wa mikono unavuka kizuizi cha barabarani bila kulipishwa.