Ghala za Divai za Épernay

Ukipanda treni mjini Paris ukaelekea mashariki, baada ya saa moja na zaidi kidogo utafika Épernay, mji mdogo wa Ufaransa uliozungukwa na vilima vya mizabibu. Iko humo barabara pana yenye majumba ya fahari, lakini utajiri wake hauko juu. Uko chini ya nyayo zako. Katika mwamba laini wa chaki yamechimbwa mapango zaidi ya kilomita 100, nayo yamejaa chupa za shampeni, yaani divai yenye povu.

Wageni hutoka mbali kuja kuyatembelea na kuionja divai yenyewe. Wewe ungali mwanafunzi, na pengine dini yako yakukataza kileo. Basi sisi hatutaonja, tutaitazama kazi tu.

Tuitazame nyumba moja, ile ya Pol Roger, iliyoanzishwa mwaka 1849 na ingali mikononi mwa jamaa ile ile, ijapokuwa jirani zake wengi wamekwisha nunuliwa na makampuni makubwa. Ukishuka hadi ghala ya chini kabisa, mita 33, utakuta baridi isiyobadilika kiangazi wala kipupwe. Ndiyo itakiwayo. Divai hutiwa chupani pamoja na hamira na sukari kidogo, kisha chupa hufungwa. Hamira huila sukari polepole na kutoa hewa isiyo na pa kutokea, ikasukuma kwa nguvu ipitayo mara mbili ile ya upepo wa tairi la motokaa. Zamani chupa zilipasuka ovyo, hata wafanyakazi wakavaa vinyago vya waya usoni. Hamira ikishakufa huacha mashapo. Hapo mtu hupita kati ya safu za chupa zilizoinamishwa, akizizungusha moja moja, siku baada ya siku, mpaka mashapo yateremke shingoni yapate kutolewa. Kwingine kazi hii hufanywa na mashine. Hapa ni mikono hadi leo.

Mali ya namna hii hukaa gizani miaka mingi kabla ya kuleta hata senti moja. Mwenye nyumba alifariki Desemba 1899, akawaachia wanawe, Maurice na Georges. Haikupita miezi mitatu. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Februari 1900, ardhi iliyolowa mvua ilididimia, na ghala zikaporomoka pamoja na majengo ya juu yake. Mapipa 500 na chupa milioni moja na nusu zilifukiwa. Vijana wale walitaka kuchimba waziokoe, lakini mwezi mmoja baadaye ardhi ya jirani nayo ikabomoka, wakaacha. Walianza upya.

Mwaka 1914 Maurice alikuwa meya wa mji. Wajerumani walipoingia Septemba, wakuu wengine walikwisha kimbia; yeye alibaki na watu wake, akatishwa kupigwa risasi, asiondoke. Mavuno ya mwaka huo yalichumwa huku mizinga ikisikika.

Na zile chupa zilizofukiwa? Mwaka 2018, wajenzi walipokuwa wakichimba msingi wa jengo jipya mahali pale pale, walifikia uwazi ardhini. Vigae vilikuwa vingi, lakini kati yake zilikuwamo chupa nzima, vizibo vimeshika, na divai ingalimo pamoja na mashapo yake.