Tumbusi wa Serengeti na glaida ya rimoti Eldoret

Jamaa mmoja hapa West Indies, Eldoret, aliniuliza juzi: anataka kuunda glaida ya rimoti, kubwa na ya mwendo wa polepole, aanzie wapi? Nikamwambia aanze na tumbusi. Akadhani namtania.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1968 Mwingereza Colin Pennycuick alikuja kufundisha zoolojia chuo kikuu Nairobi. Alitaka kupima jinsi ndege wakubwa wanavyopaa bila kupiga mabawa. Badala ya kukaa chini na darubini, alitumia ASK 14, glaida ya Kijerumani ya mtu mmoja yenye injini ndogo. Akifika juu anazima injini, anamfuata tumbusi. Uwezo wa glaida yake aliujua tayari, basi kazi ilikuwa kulinganisha tu: mwenzangu ameshuka kiasi gani, nami je? (Sisi wa programu tunaujua mchezo huu: unapima usichokijua kwa unachokijua.) Matokeo ya tumbusi mgongo-mweupe yalichapishwa 1971.

Ndege huyo ana kilo 5 na ushei, na mabawa ya mita 2.2 hivi toka ncha hadi ncha. Kwa kila mita anayoshuka, husonga mbele takriban mita 15. Glaida ilimshinda mbali hapo. Lakini tumbusi huruka polepole zaidi, na duara la kugeuka hutegemea kasi: mara mbili ya kasi, mara nne ya duara, ukilala upande kiasi kilekile. Kwa hiyo yeye hubaki ndani ya hewa moto inayopanda hata ikiwa nyembamba, glaida ikipitiliza nje. Wanaochagua glaida kwa kuuliza tu "inafika wapi?" wanakosea hapa.

Kasi nayo inatokana na uzito uliogawanywa kwa eneo la bawa. Tumbusi hubeba karibu kilo 8 kwa mita ya mraba. Unda yenye kilo 2, itaruka kwa kama nusu ya kasi yake. Bawa la mita 3 kwa sentimita 25 ni mita za mraba 0.75, maana yake kila kitu, betri ikiwemo, kisizidi kilo 1.5.

Hiyo ni Mombasa. Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, hivyo glaida ileile hapa itahitaji kasi zaidi kwa asilimia 10 na kitu. Ukitaka upole uleule, kilo 1.5 inakuwa 1.2. Michoro mingi ya kwenye intaneti haikwambii hivyo, kwa sababu waliochora hawaishi juu hivi.

Na kibali usisahau: kuna kanuni za 2020 za vyombo visivyo na rubani, na wenye neno ni KCAA.

Jamaa ameweka mbao zake kwenye mizani. Kilo 1.9, betri bado. Sasa anakwangua.