Mbwa wa mitaani: halmashauri ikiikabidhi kazi asasi, nani analipa na nani anajibu?

Wadau, kila mtoto anapong'atwa mtaani swali ni lilelile: hawa mbwa ni wa nani? Na kwa nini halmashauri isiwakabidhi kwa asasi ya watu wanaopenda wanyama, wakajengewa banda, wakalishwa, mambo yakaisha? Wenzetu wanafanya hivyo. Tuone inavyokwenda kwao, halafu turudi Bariadi.

Mpango wenyewe ni huu. Mji unatakiwa kukamata wanyama wanaozurura, kuwaweka siku kadhaa ili mwenye mbwa aje amchukue, na kuwatafutia pa kwenda wasio na mwenyewe. Badala ya kuajiri watu wake, mji unasaini mkataba na asasi isiyotafuta faida. Mji unatoa pesa, mara nyingi na jengo, na asasi inaleta wahudumu, madaktari na michango ya wafadhili. Kwenye karatasi inapendeza.

Darasa kubwa ni New York. Karne ya 19 mji ule ulikuwa unatosa mbwa mto East River wakiwa ndani ya kizimba cha chuma. Henry Bergh, aliyeanzisha chama cha ASPCA mwaka 1866, aliombwa aichukue kazi hiyo akakataa. Alifariki 1888. Mwaka 1894 chama chake kikakubali, kikaifanya kwa miaka 100, mwanzoni kikitegemea ada za leseni za mbwa. Kikaishia kuua wanyama kwa maelfu kila mwaka, pesa haitoshi, lawama zote zake. Mwishoni mwa 1994 kikaachia, na mji ukaunda asasi nyingine ya kushika kazi hiyo. Mwenye jukumu alikuwa mji siku zote, lakini aliyetukanwa ni mwenye mkataba.

Kwa jirani zetu Kenya, Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya leseni za mbwa na mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika wanyama. Hata hivyo jina wanalolijua watu wa Nairobi ni KSPCA, asasi yenye kituo chake Karen. Asasi ina kituo, kaunti ina jukumu.

Kwetu kuna Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya 2003 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008. Sheria ya mamlaka za miji Na. 8 ya 1982 inaziruhusu halmashauri kutunga sheria ndogo. Halmashauri ikitaka kununua huduma kwa asasi, inaingia kwenye Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023. Kwa hiyo mlango upo. Kilichozoeleka katika miji yetu ni risasi na sumu, ambazo hazijawahi kumaliza kichaa cha mbwa popote. Unaua wa leo, kesho wanazaliwa wengine ambao hawana chanjo.

Sasa hapa ndipo banda linapogoma. Utafiti uliofanyika Tanzania unaonyesha kwamba mbwa wengi wanaozurura wana wenyewe. Ukizunguka Simiyu utaliona hilo bila utafiti: mbwa wa mchungaji, mbwa wa mlinzi, mbwa wa mama lishe anayekula makombo. Ukiwafungia, umefungia mali za watu, na wenyewe watakuja kugomba getini.

Mfano wa kwetu tunao, tena uko mlangoni. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na uchunguzi ukaelekeza kidole kwa mbwa wa vijiji jirani. Tangu 2003 mradi wa chanjo, ambao wengi wanaujua kwa jina la Afya Serengeti, umekuwa ukichanja mbwa katika vijiji vinavyozunguka hifadhi. Watafiti na wafadhili wanaleta dozi na magari, maafisa mifugo wa serikali wanajua vijiji. Tangazo linatoka, siku inafika, watoto wanavuta mbwa kwa kamba hadi chini ya mti, sindano, cheti, basi. Lengo ni kufikia asilimia 70 ya mbwa, na kurudia, maana wanazaliana haraka na kinga ya kijiji inashuka.

Maoni yangu: Bariadi ikisaini mkataba na asasi, isinunue banda. Inunue chanjo ya mbwa wa mji mzima kila mwaka na huduma ya kuhasi, ilipe kwa idadi ya mbwa waliochanjwa na si kwa idadi ya waliokamatwa, na iandike ndani ya mkataba nani anaendelea mfadhili akiondoka. Banda dogo la kumtenga mbwa mwenye dalili linatosha. Na diwani aulizwe kifungu cha bajeti kiko wapi, kwa sababu bila pesa ya mji huo siyo mkataba, ni ombi la msaada.

Kwa leo, ukiong'atwa: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, usisubiri dalili, zikianza hakuna tiba. Mjulishe afisa mifugo wa kata. Mbwa akiuawa asizikwe kabla hajamwona, maana kipimo kinatoka kwenye ubongo wake.